"Mimi sina neno, amua wewe"

SWALI

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Newala, nina miaka 36. Ndoa yetu huu ni mwaka wa kumi na moja na hatujajaliwa mtoto. Mwaka jana nilikwenda Mtwara mjini na kina mama wenzangu kupeleka sadaka kwenye kituo cha kulelea watoto, nikampakata mvulana wa miaka 3. Ana mtindio wa ubongo. Hakai, hasemi, ila nilipomwimbia aligeuza macho akacheka. Tangu hapo nimerudi mara nne. Mama mkwe anasema najitafutia mkosi. Shoga yangu anasema nimchukue, huenda akanifungulia kizazi. Sheikh wetu ametuambia haifai kumpa ubini wa mume wangu. Na mume wangu kila nikimuuliza anajibu, "Mimi sina neno, amua wewe." Nimchukue?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kati ya wote uliowataja, anayenitia wasiwasi ni mumeo.

Marehemu dada yangu aliniachia binti mwenye mtindio wa ubongo akiwa na miezi 14. Leo ana miaka 22, naandika haya tuko naye barazani hapa Mikindani, anasikiliza redio. Nilipomleta nyumbani mume wangu naye alisema hana neno. Na kweli hakuwa na neno: hakunikataza, wala hakunipokea mtoto mikononi. Kijiko cha uji kilikuwa changu. Mtoto wa namna hii hulishwa amekaa wima, kidogo kidogo, maana akilala chali anapaliwa, na chakula kikiingia kwenye mapafu kinaleta nimonia. Kikombe kimoja kilinichukua saa nzima. Nilimkalisha ndani ya beseni, nikamshindilia kanga pande zote asianguke. Nilimbeba mgongoni mpaka miaka 8, na mgongo wangu haujapona hadi leo. Baadaye tulipata kiti cha magurudumu, lakini kwenye mchanga wa uani kwetu hakisogei, kwa hiyo bado tunabeba.

Usiku mmoja, msimu wa kupulizia mikorosho salfa, mume wangu amerudi hoi kutoka shamba, degedege likamshika binti. Mimi nilikuwa na homa. Nikamwambia, "Leo mshike wewe." Akamlaza ubavu, akakaa naye mpaka alfajiri. Asubuhi aliuliza uji uko wapi. Tangu siku hiyo uji wa asubuhi ukawa wake mpaka alipofariki. Lakini hesabu, mwanangu: ilikuwa imeshapita miaka sita.

Sasa wewe unakwenda kazini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nani atabaki na mtoto? Akifika miaka 10, kilo 25, nani atamtoa kitandani? Dawa za kifafa, kama anazitumia, hazikatizwi ghafla hata malipo ya korosho yakichelewa. Haya mjibiwe na mumeo kwa kinywa chake, moja moja. "Amua wewe" si jibu la hata moja kati ya hayo.

Mkosi haupo. Mtindio mara nyingi unatokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa kabla ya siku zake, manjano kali ya uchanga, au homa ya uti wa mgongo. Ubongo ulioumia haurudi ulivyokuwa, ila mazoezi ya viungo yakianza mapema yanamsaidia mtoto asikakamae. Muulize mama mkwe kama yuko tayari kufundishwa kumnyoosha miguu. Mama mkwe wangu, aliyenisema vibaya kuliko wote, ndiye aliyekuja kumshonea binti mto wa kukalia. Shoga yako mwambie mtoto si dawa ya kizazi. Ukimchukua kwa tumaini hilo, na mimba isije, utamwangalia kwa jicho gani?

La sheikh ni la haki, na halikuzuii. Aya ya 5 ya Suratul Ahzab inasema waitwe kwa baba zao; kulea yatima hakujakatazwa popote. Abaki na jina lake, na mnaweza kumuusia mali isiyozidi thuluthi. Kuasili mahakamani ni jambo jingine: Sheria ya Mtoto ya 2009 inamfanya awe kama mliyemzaa. Ndiyo maana ni vyema mkaanza na malezi ya kambo, yaani kumlea kwenu bila kumfanya mtoto wenu kisheria, halafu mkatazamana. Mlango ni mmoja, ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Atakuja kuona nyumba, atawahoji wote wawili. Mkifika kwenye kuasili, amri inatolewa na Mahakama Kuu, nayo Mtwara ipo. Msipatane na msimamizi wa kituo pembeni, na asiwepo mtu wa kuwadai fedha ili mpewe mtoto, sheria inakataza.

Umekwenda mara nne, zote bila mumeo. Safari ya tano nendeni pamoja, na si siku ya sadaka, siku hizo watoto wameogeshwa na kuvalishwa. Omba ruhusa mshinde kutwa. Uliza anatumia dawa gani, degedege lilimpata lini mara ya mwisho, analalaje usiku. Wakati wa kula ukifika, kijiko mpe mumeo, wewe toka nje ukakae uani. Usichungulie. Kisha niandikie alisema nini kwenye basi mkirudi Newala.