Pumzi ya Dakika 15 Katika Nchi Kavu: Kuufufua Uwezo wa Asili Uliolala

Angalia karatasi ya mhusika wako wa mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu, Dungeons & Dragons. Kama kampeni, yaani hadithi moja ndefu mnayoicheza, imeendelea kwa miezi kadhaa, huenda kuna mstari ambao hujaugusa tangu siku ulipounakili kitabuni. Mara nyingi ni uwezo wa asili, ule ambao mhusika huzaliwa nao kwa sababu ya jamii anayotoka. Uliupenda ulipokuwa ukimtengeneza, kisha hadithi ikashika njia nyingine na uwezo ukabaki maandishi tu. Wachezaji wengi wakifika hapo huomba wabadilishiwe. Mimi nakushauri usubiri. Uache uwezo wako na ukubwa wake uleule, ila utafute upya ni wakati gani na mahali gani unaweza kufanya kazi.

Mfano wangu ni wa hapa Nakuru. Kundi letu hukutana Jumamosi alasiri nyumbani kwa mwenzetu Section 58, na anayeendesha mchezo ni mwalimu wa sekondari, kwa hiyo sote tunamwita Mwalimu, hata walio rika lake. Dada mmoja katika kundi ana mhusika wa jamii ya Lizardfolk, ambao sisi tunawaita watu-kenge. Mtu-kenge anaweza kuziba pumzi kwa dakika 15. Alipoanza kumcheza, hadithi ilikuwa ya wavuvi na visiwa. Baadaye tukawafuata wezi wa chumvi mpaka nchi kavu, ndani ya kreta ambayo Mwalimu aliichora akiiwazia Menengai: kuta za mwamba, lava nyeusi iliyoganda, vichaka vya leleshwa, na mvuke ukifuka kwenye nyufa za ardhi. Maji ya kuzamia hakuna. Yule dada akaanza kusema anataka kuufuta uwezo ule achukue kitu cha vita.

Kabla ya kufuta chochote, jiulize kwa nini uwezo haujatumika. Pengine mazingira ya hadithi hayauruhusu. Pengine wewe mwenyewe huukumbuki, na dawa ya hilo ni kuuandika kwa herufi kubwa juu kabisa ya karatasi. Au pengine unajaribu kuutumia, lakini mwenzako ana uchawi unaofanya kazi hiyohiyo vizuri zaidi. Matatizo haya hayafanani, na aliyesahau hahitaji kanuni mpya.

Kwa yule dada, mazingira ndiyo yaliyokuwa kizuizi. Basi tukauliza: uwezo huu ni nini hasa, ukiyaondoa maji? Ni mwili unaoweza kukaa muda mrefu bila kuvuta hewa. Kanuni za toleo la 2014 la mchezo huu zinampa kiumbe wa kawaida dakika 1 ya kuziba pumzi, ukijumlisha nyongeza yake ya ustahimilivu wa mwili. Mwenye ustahimilivu wa 16 ana nyongeza ya 3, kwa hiyo anapata dakika 4. Mtu-kenge anapata 15 bila kujali. Hiyo ni tofauti kubwa, na popote penye hewa mbaya inaonekana: ndani ya ghala linalowaka, katikati ya dhoruba ya vumbi, kwenye kaburi lililofungwa kwa vizazi, na kwenye kreta.

Kreta ndiyo iliyotufaa zaidi. Kwenye nchi ya volkano, gesi hutoka ardhini pamoja na mvuke, na mojawapo ni kaboni dayoksaidi. Hii haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hutulia mashimoni na kwenye vibonde. Mtu akishuka humo haoni hatari yoyote mpaka azirai. Wachimba visima wanalijua jambo hili. Ndiyo maana wako wanaoshusha mshumaa uliowashwa kwanza, na moto ukizimika hawaingii.

Mwalimu alilichukua hilo kama lilivyo. Tukafika kwenye shimo ambalo mjumbe tuliyekuwa tukimtafuta alikuwa amelala chini yake, mkoba ukiwa bado begani. Mhusika wangu akafunga mshumaa kwenye kamba na kuushusha. Ukazimika kabla ya kufika nusu ya shimo. Sote tukanyamaza, kisha yule dada akaketi wima na kusema, "Mwalimu, naziba pumzi sasa, halafu nashuka."

Mwalimu akaweka vifuniko vitatu vya soda mbele yake. Kila kifuniko ni dakika tano, akasema, na kazi yoyote ya maana huko chini inakula kimoja. Kumfungua mjumbe kamba na kumwandaa avutwe juu: kifuniko kimoja. Kupekua mkoba: kimoja. Kuufuata mlango mdogo aliouona ukutani: kimoja. Kazi zilikuwa tatu na vifuniko vitatu, lakini kupanda kurudi juu nako kulihitaji muda. Ilibidi aache baadhi. Alimtoa mjumbe, akachukua mkoba bila kuufungua, akapanda, na mpaka leo hatujui mlango ule unaelekea wapi.

Kama utachukua kitu kimoja tu kutoka makala haya, chukua vile vifuniko. Dakika 15 zikibaki namba kwenye karatasi, hazimlazimishi mtu kuchagua chochote: ama zinatosha, ama hazihusiki. Zikigawanywa kuwa kazi tatu zinazohesabika mezani, mchezaji anaanza kupima, na wenzake waliobaki juu wanapima pamoja naye. Uwezo haukuongezwa hata sekunde moja.

Suala la uchawi lilituchukua muda mrefu zaidi, na hapo nakuomba uwe mwangalifu. Kuna uchawi wa Stinking Cloud, lile wingu la uvundo linalomfanya mtu apoteze tendo lake la zamu hiyo akitapika. Kanuni za 2014 zinasema kiumbe asiyehitaji kupumua hufaulu moja kwa moja kujiokoa bila kutegemea dadu. Je, mtu-kenge aliyeziba pumzi ni kiumbe asiyehitaji kupumua? Kwa maoni yangu hapana. Anahitaji, ila anavumilia. Tulikubaliana arushe dadu mbili za pande 20 badala ya moja na kuchukua iliyo juu. Naona ni haki, maana inaheshimu mwili wake bila kumpa kinga ambayo kitabu hakikumpa. Lakini kuna Cloudkill, wingu la sumu, na maelezo yake yanasema wazi kwamba linamdhuru hata aliyeziba pumzi. Hapo hatukugusa kitu. Kitabu kikiwa kimenyamaza, kundi lina nafasi ya kuamua. Kitabu kikiwa kimesema, kiheshimuni, la sivyo mwenye mhusika mwingine ataona anaonewa, na atakuwa na haki.

Tuliweka na gharama pia. Ni lazima aseme anaziba pumzi kabla hewa haijaharibika, si baada ya kuona wenzake wanaanguka. Na akiwa ameziba hawezi kuzungumza, kwa hiyo hawezi kufanya uchawi unaohitaji maneno wala kuwaonya wenzake kwa sauti. Hizo ni kanuni zetu wenyewe, nawe unaweza kuweka nyingine, lakini usiache kuweka. Uwezo ambao una gharama hukubalika haraka na kundi zima, na humpa mwenye nao jambo la kufikiria kila zamu.

Waundaji wa mchezo wenyewe wameufuata mkondo huu. Chukua mbilikimo, jamii ambayo kitabu kinaiita Dwarf, na ujuzi wake wa mawe. Katika kanuni za 2014 ulimsaidia anaporusha dadu za ujuzi wa historia kuhusu asili ya kazi ya mawe, na nimeona mbilikimo wengi wakimaliza kampeni nzima bila mtu kuwauliza nani alijenga ukuta. Toleo la 2024 limeacha jiwe palepale na kubadilisha kinachotokea mbilikimo akiligusa: akiwa juu ya jiwe au akiligusa, anaweza kuhisi mitikisiko hadi futi 60 kwa dakika 10. Bado ni mtu wa mawe, ila sasa mawe yanamwambia kitu anachokihitaji usiku huo. Mwenye mbilikimo kwenye kampeni ya zamani anaweza kumwomba mwendesha mchezo wake jambo dogo kuliko hilo, kwa mfano kutambua kwa kugusa ni jiwe gani ukutani limesogezwa karibuni.

Ukienda kuomba, usiende na malalamiko. "Uwezo wangu hauna maana" ni kauli inayomwacha mwendesha mchezo na kazi yote. Mtafute kabla ya siku ya mchezo, si dadu zikiwa mkononi, na umpelekee pendekezo lililokamilika. Yule dada alimwandikia Mwalimu ujumbe mfupi wa heshima: kwamba nchi kavu imeufunga uwezo wake, kwamba anaomba utumike pia kwenye moshi, vumbi na gesi kwa dakika zilezile 15, na kwamba wakijaribu kwa mikutano kadhaa na kuona umezidi, ataurudisha ulivyokuwa bila maneno. Mwalimu alijibu siku hiyohiyo: "Sawa mama, nitakutafutia shimo."

Kuna nyakati ambapo kubadilisha kabisa ndiyo haki. Ikiwa uwezo unarudia ulichopata baadaye kwa njia nyingine, mathalani umefundishwa ujuzi wa silaha ambao darasa lako la mhusika (kama mpiganaji au mchawi) linakupa tayari, badilisha. Kanuni za nyongeza za 2020 zinaruhusu kuhamisha nyongeza za sifa, lugha na ujuzi wa namna hiyo. Wanaocheza toleo la kwanza la Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, wamekuwa tangu 2010 na orodha rasmi za uwezo mbadala kwa kila jamii, na faida yake ni kwamba kila mbadala unaonyesha unachopaswa kuacha ili uupate. Iga utaratibu huo hata kama mchezo wako hauna orodha: andika unachotoa, andika unachopokea, kisha mpe mchezaji mwenzako asome kabla ya kumpelekea mwendesha mchezo. Mwenzako akisita kwenye upande wa unachopokea, punguza.