Maswali ya Wasomaji: Kutoka Mikataba ya Kampuni hadi Uwekezaji wa Uchumi Mpana

SWALI: Mzee, pokea salamu kutoka Kisumu. Nina umri wa miaka 29, na kwa miaka minne nimefanya kazi katika benki moja ya uwekezaji jijini Nairobi. Kazi yangu imekuwa kukadiria thamani ya kampuni, kuandaa nyaraka za matarajio kampuni zinapotaka kuuza hisa, na kukesha nikirekebisha majedwali ya Excel ambayo mara nyingine mteja hata hayafungui. Ninachokipenda hasa ni kufuatilia riba, shilingi na deni la serikali, na ningependa kuhamia kwenye uwekezaji unaoongozwa na mwelekeo wa uchumi mpana, ambapo mtu hugawa fedha za mfuko kati ya hatifungani (hati za mkopo ambazo serikali au kampuni huwauzia wawekezaji na kuzilipia riba), hisa, majengo na mali za nje. Nimeomba nafasi mara tatu, na mara zote nimeambiwa kwamba mimi ni mtu wa mikataba. Je, nianze mitihani ya CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, au kuna njia nyingine?
Msomaji, Milimani, Kisumu

JIBU: Binti yangu, waliokuambia hivyo hawakukudharau, ingawa walikuambia nusu tu ya ukweli. Katika mikataba unaijua kampuni moja ndani na nje, unalipwa ada shughuli inapokamilika, na kama aliyenunua atapata faida au hasara miaka mitatu baadaye, hayo ni yake. Upande unaoutaka hakuna jambo utakalolijua kwa kina kama hicho. Utatakiwa kuamua kabla taarifa hazijatimia, na kila jioni bei itakuambia mbele ya wenzako kama umekosea. Wanaohoji waombaji wanataka kuona kama unaweza kuishi hivyo, na majedwali yako, hata yakiwa mazuri namna gani, hayawaonyeshi jambo hilo.

Chukua mwanzo wa mwaka 2024. Tuseme mfuko wa pensheni ulikuwa na dola 100,000 katika hisa za Marekani mwezi Januari, dola moja ikiuzwa karibu shilingi 160, yaani shilingi milioni 16. Kufikia mwisho wa Machi hisa za kampuni kubwa za huko zilikuwa zimepanda takriban asilimia 10, kwa hiyo mfuko ulikuwa na dola 110,000. Mchambuzi wa kampuni angepongezwa. Lakini dola ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 130, na mali ile ile sasa ilikuwa na thamani ya shilingi milioni 14.3. Wastaafu hulipwa kwa shilingi, na kwa shilingi walikuwa wamepoteza zaidi ya asilimia 10 ingawa kila kampuni iliyochaguliwa huenda ilikuwa nzuri.

Sasa jiulize kwa nini shilingi iliruka vile, maana hapo ndipo ujuzi wako unapoingia. Serikali ilikuwa imekopa dola bilioni 2 ng'ambo mwaka 2014, na deni lile lilikuwa linaiva Juni 2024. Soko lilihofia kwamba dola za kulilipa hazingepatikana. Februari 2024 serikali iliuza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, ikaanza kununua ile ya zamani mapema, na hofu ikayeyuka. Mwezi huo huo Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 13, na hatifungani ya miundombinu ya miaka 8.5 ikatolewa kwa riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi, kiasi kwamba hata fedha za kigeni zilikuja kuifuata. Wewe umeshika ratiba za madeni ya kampuni kwa miaka minne na unajua maana ya deni kuiva kabla fedha mpya haijapatikana. Serikali nayo ni mkopaji kama wengine, isipokuwa yenyewe hutoza kodi. Unapoandika barua ya maombi, eleza hilo kwanza, na orodha ya mikataba uliyokamilisha iwe mistari miwili tu.

Hata hivyo, kueleza yaliyokwisha kupita ni rahisi, na wahojaji wanalijua hilo vizuri. Kwa sababu hiyo nakushauri ununue daftari, la karatasi kabisa, uanze kuandika maoni yenye tarehe. Kila oni liwe na mambo manne: unanunua au unauza nini, kwa bei gani, unatarajia nini kitokee na kufikia lini, na ni jambo gani likitokea utakubali kwamba umekosea na kutoka. Mnada wa dhamana za muda mfupi za hazina hufanyika kila Alhamisi, kwa hiyo hutakosa la kuandika. Usifute kitu. Langu lina ukurasa wa Julai 2024 ambao hadi leo naona haya kuusoma: Mswada wa Fedha ulikuwa umeondolewa baada ya maandamano, Moody's, shirika linalopima uwezo wa nchi kulipa madeni, ikashusha daraja la mkopo la Kenya hadi Caa1, daraja la hatari kubwa, nami nikaandika kwa kalamu nyekundu kwamba dola ingefika shilingi 140 kabla ya Krismasi. Ilibaki karibu na 129. Niliitazama siasa, nikasahau riba kubwa zilizokuwa zikiwashikilia wenye fedha na dola zilizotumwa nyumbani na Wakenya walio nje. Ukurasa kama huo, ukiuweka mezani na kuueleza bila kujitetea, una uzito katika mahojiano kuliko kumi ulizopatia.

Ukiwa Kisumu, tembea soko la Kibuye Jumapili. Mwuza mitumba ninayemfahamu hapo aliniambia kwamba shilingi ilipopata nguvu hakushusha bei mara moja, kwa sababu mabelo yaliyokuwa ghalani alikuwa ameyanunua kwa dola ya bei ya juu. Ndiyo sababu mfumuko wa bei huchelewa kufuata thamani ya shilingi, na hilo Benki Kuu hulifikiria kila kamati yake ya sera ya fedha inapokutana.

Kuhusu hesabu, uliyonayo inatosha kwa sehemu kubwa. Pengo lako litakuwa katika hatifungani: jifunze hadi uweze kusema bila kikokotoo kwamba ikiwa wastani wa muda wa kurejesha fedha ni miaka mitano, riba ya soko ikishuka kwa pointi moja ya asilimia, mathalani kutoka 13 hadi 12, bei hupanda kwa karibu asilimia tano. Benki Kuu ilipopunguza riba yake kutoka 13 hadi 10 kati ya Agosti 2024 na Aprili 2025, waliokuwa na hatifungani za muda mrefu walivuna kwa hesabu hiyo hiyo.

CFA ina ngazi tatu na inaheshimika. CIFA, cheti cha uchambuzi wa uwekezaji kinachotahiniwa na KASNEB, bodi ya mitihani ya hapa Kenya, inagusa sheria za hapa kwetu. Chagua moja, uifanye taratibu, lakini usiifanye kisingizio cha kuahirisha daftari.

Nafasi zenyewe ni chache, nisikufiche. Nyingi ziko kwa mameneja wa mifuko ya pensheni, kampuni za bima na idara za hazina za mabenki, na karibu zote ziko Nairobi. Kanuni za pensheni huruhusu hadi asilimia 90 katika dhamana za serikali, 70 katika hisa zilizoorodheshwa, 30 katika majengo na ardhi, na 15 nje ya nchi, kwa hiyo anayetaka kugawa mali hapa nchini lazima kwanza awe mtu wa hatifungani. Omba dawati hilo, hata kama cheo kitashuka na bonasi ya mikataba itapotea. Baada ya miaka miwili utakuwa umekaa karibu na mwenye kugawa, na siku atakayosafiri atakuuliza maoni yako.

SWALI: Nina miaka 41 na ni afisa wa mikopo katika SACCO mjini Nakuru. Je, ushauri kama huu unanihusu?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu yangu, unakuhusu kwa njia nyingine. Kuacha kazi ili uanze kama mchambuzi mdogo Nairobi katika umri huo sikushauri. Lakini SACCO yako ina akiba ambayo haijakopeshwa, na mtu fulani huamua kama itakaa benki au itaingia kwenye dhamana za hazina za siku 91 au za mwaka mzima. Mwombe meneja nafasi ya kuandaa ripoti ya robo mwaka kuhusu fedha hiyo. Ripoti ya kwanza isizidi kurasa mbili.