Zinki ya Boti, Chumvi ya Gongoni na Boriti ya Kale: Maswali ya Kemia

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa uhandisi waliorudi likizo Lamu na Malindi. Nimeyafupisha, lakini makosa yaliyomo nimeyaacha kama yalivyokuja, kwa kuwa ndiyo yanayowapotezea wengi maksi.

Mwalimu, shikamoo. Boti ya ami yangu hapa Shela ina shafti ya chuma cha pua na rafadha ya shaba nyeusi, na fundi amefunga pande la zinki la kilo 2. Kwa nini liliwe pande hilo badala ya rafadha, na litadumu muda gani?

Marahaba. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi huwa betri, upende usipende. Katika jedwali la volti sanifu, zinki iko kwenye −0.76 na shaba kwenye +0.34, zinki ndiyo iliyo tayari zaidi kuachia elektroni, kwa hiyo inakuwa anodi na kuyeyuka, nayo rafadha inakuwa kathodi na kusalimika. Jeshi la maji la Uingereza lilijifunza jambo hili kwa gharama katika miaka ya 1760, pale meli ya HMS Alarm ilipofunikwa kwa shaba na misumari ya chuma iliyogusana nayo ikaliwa. Hata hivyo, usidai kwamba tofauti ya volti 1.10 ndiyo utakayoipima baharini, kwa sababu jedwali linahusu myeyusho wa moli 1 (chembe 6.02 × 10²³) kwa lita, si maji ya mkondo wa Shela.

Kuhusu muda, kila atomu ya zinki hutoa elektroni 2, na moli 1 ya elektroni hubeba kulombi (kipimo cha chaji ya umeme) 96,485. Gramu 65.38 za zinki, yaani moli 1, hutoa basi kulombi 192,970, ambazo ni takriban saa-ampea 820 kwa kila kilo. Ukipima mkondo wa umeme wa ampea 0.2, kilo 2 zitatosha kwa saa 8,200, yaani siku 342 hivi. Mtahini ataridhika na jibu hilo, ila mwenye boti asiingojee siku ya 342: pande hubadilishwa likishaliwa nusu, maana eneo lake hupungua na vipande vingine hudondoka bila kutoa umeme wowote. Mwambie ami alikague kila mwezi na awe na jingine tayari kabla miezi sita haijapita. Asikubali pia lipakwe rangi pamoja na mkuku; zinki iliyofunikwa haigusani na maji, na itakayoliwa ni rafadha.

Katika betri ya shaba na fedha (ile metali, yenye volti +0.80), nikizidisha mlinganyo wa fedha kwa 2 ili elektroni zilingane na za shaba, nizidishe na volti?

Hapana. Volti ni nishati kwa kila kulombi, na haiongezeki kwa kuongeza kiasi cha metali. Jibu ni 0.80 − 0.34 = 0.46, wala si 1.26.

Tulipitisha umeme katika maji mazito ya chumvi ya Gongoni, na kwenye anodi ikatoka klorini. Jedwali linaipa oksijeni volti 1.23 na klorini 1.36. Je, jedwali limekosea?

Halikukosea, linaeleza kipi ni chepesi kwa hesabu ya nishati, lakini halisemi lolote kuhusu kasi. Molekuli 1 ya oksijeni hupatikana baada ya maji kunyang'anywa elektroni 4 kwa hatua kadhaa, na hatua hizo ni za polepole kiasi cha kudai volti za ziada, ilhali klorini hudai elektroni 2 tu na ioni zake zimejaa tele. Chumvi ikiwa haba sana, oksijeni huanza kushinda. Kwa ampea 10 na saa 1 mnapata kulombi 36,000, yaani moli 0.373 za elektroni, ambazo zikitumika zote kwa klorini hutoa gramu 13.2. Hizo ni zaidi ya lita 4 za gesi ya sumu, kwa hiyo jaribio hili si la kufanyiwa chumba cha kulala.

Zoezi linasema boriti kutoka mahame ya pwani imebakiwa na asilimia 92 ya kaboni-14. Ina umri gani?

Nusu-maisha ya kaboni-14, yaani muda wa nusu ya kaboni hiyo ya mnururisho kuoza, ni miaka 5,730. Igawanye kwa 0.693 upate takriban 8,267, kisha zidisha kwa logi asilia ya 1/0.92; jibu ni miaka 689. Wengi huishia hapo, ilhali mhandisi anapaswa kuuliza jibu linayumba kiasi gani. Kipimo kikikosea kwa asilimia 1 tu, yaani kikisoma 91 badala ya 92, umri unasogea kwa miaka 90 hivi. Tena umri huo ni wa mti, si wa nyumba, kwa maana boriti nzuri huhamishwa kutoka jengo moja hadi jingine. Gamba la kombe nalo lisipimwe kwa hesabu hiyohiyo, kwa sababu kaboni ya baharini kwa kawaida huonekana kuukuu kwa miaka 400 hivi.

Nimepata nishati ya kufunga kiini cha heli-4 kuwa MeV 27.3 (MeV ni kipimo cha nishati ya viini), kitabu kina 28.3. Nimekosea wapi?

Umetumia uzito wa protoni tupu, 1.007276, halafu ukatoa uzito wa atomu nzima ya heli, 4.002602, ambao una elektroni 2 ndani yake. Kila elektroni ni MeV 0.511, na mbili ndizo hiyo MeV 1 uliyoipoteza. Tumia uzito wa atomu ya hidrojeni, 1.007825, na elektroni zitafutana zenyewe.