Regulata ya zamani: usidanganywe na kromu

Anayeniletea regulata ya kuzamia, kile kifaa kinachopunguza presha ya hewa ya mtungi ili mzamiaji aivute, iliyorithiwa au kununuliwa mnadani, huanza kwa kuniambia bado inang'aa. Kung'aa si hoja. Mwili wa shaba uliopakwa kromu unaweza kukaa miaka 50 bila neno. Kinachokufa ni mpira, pamoja na kiti cha vali ya presha kubwa, yaani kile kipande laini kinachoziba hewa vali ikifungwa.

Mimi, kabla ya kushika spana, hutazama chujio dogo lililo mdomoni mwa hatua ya kwanza, pale inapofungwa kwenye mtungi. Likiwa la kijani, ujue maji yaliingia na shaba imeanza kuliwa. Wekundu wa kutu hutoka kwenye mtungi wa chuma unaooza kwa ndani. Rangi hiyo huijua historia ya chombo kuliko muuzaji.

Kisha uliza kama vipuri vipo, na uulize kabla hujafungua chochote. Scubapro Mk5 na US Divers Conshelf bado zinahudumiwa. Zile za mabomba mawili, ukoo wa Aqua-Lung, regulata ya Wafaransa Cousteau na Gagnan ya mwaka 1943, zina wapenzi wanaozitafutia diaframu (utando wa mpira unaosukumwa na presha) na mabomba mapya. Ukikosa kiti cha vali cha aina yako, iweke kabatini iwe pambo. Kuchonga cha kubahatisha, hapana.

Oringi, ile pete ya mpira inayozuia hewa kupenya kwenye maungio, itoe kwa kijiti cha plastiki au cha shaba. Ncha ya chuma huacha mkwaruzo ndani ya mfereji, nawe utabadilisha oringi kila wiki huku hewa ikizidi kupenya palepale. Zote zitupe, hata inayoonekana nzima. Vipande vya shaba vitie kwenye siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji ya vuguvugu, ukikaa hapohapo kuviangalia: utandu wa kijani ukilegea, toa, sugua kwa mswaki laini, suuza sana kwa maji baridi, kausha. Kromu iliyoanza kubanduka usiiache kwenye siki, maana asidi hupenya chini yake na kuinua iliyobaki. Mpira na alumini visiingie humo kabisa.

Grisi nayo ina mambo yake. Ya silikoni inafaa oringi za kawaida za nitraili (aina ya mpira), lakini ukiipaka kwenye diaframu au bomba la silikoni, mpira huo huvimba. Grisi ya gari wala mafuta ya mgando usivilete karibu na presha kubwa.

Kazi yenyewe hasa ni kupima, na hapa ndipo wengi huridhika mapema kwa sababu hewa inatoka vizuri mdomoni. Hatua ya pili, ile ya mdomoni, inaweza kukupa hewa tamu huku ya kwanza ikiharibika. Funga geji kwenye tundu la presha ndogo la hatua ya kwanza, fungua mtungi taratibu. Kwa regulata nyingi za bomba moja, presha ya kati, ile inayotoka hatua ya kwanza kwenda ya pili, hukaa karibu na bar 9 au 10. Nyingine ni chini ya hapo, kwa hiyo fuata kitabu cha mtengenezaji. Bonyeza kitufe cha kutoa hewa, achia. Sindano ishuke, irudi, itulie tuli. Ikirudi kisha ikaendelea kupanda polepole, kiti hakizibi. Usiongeze wala kupunguza springi kuficha hilo. Fungua upya, ukague ukingo wa vali kwa kioo cha kukuzia.

Jambo hili ni zito zaidi kwa regulata ambazo vali ya hatua ya pili hufungwa na presha yenyewe. Hizo hazitoi hewa ya ziada mdomoni kukuonya. Presha hujaa ndani ya bomba mpaka lipasuke, kama hakuna vali ya usalama. Hakikisha ipo na inafunguka.

Kleampu ya zamani, ile fremu inayobana regulata kwenye mtungi, usiifunge kwenye mtungi wa bar 300. Nyingi zilitengenezwa wakati mitungi ilikuwa na presha ndogo zaidi.

Kiti kipya kikishafungwa, iache usiku kucha kisha upime tena, kwa kuwa kiti hujikalia na presha husogea kidogo. Rekebisha. Mbizi ya kwanza iwe bwawani, kina kifupi, ukiwa na mwenzako mwenye regulata ya kisasa na mdomo wa akiba, kwa sababu nyingi za zamani hazina pa kufunga wa pili.