Jibu: Chanjo na ghadhabu ya Guadeloupe na Martinique

Ndugu, umeuliza kwa nini chanjo ya UVIKO-19 iliwasha moto Guadeloupe na Martinique, visiwa vya Karibi vilivyo sehemu ya Ufaransa, mnamo Novemba 2021, ilhali sheria ilikuwa ileile ya Ufaransa nzima. Sheria hiyo, ya tarehe 5 Agosti 2021, iliwalazimisha watumishi wa afya na wazimamoto kuchanjwa, na aliyekataa alisimamishwa kazi bila mshahara. Mgomo ulioanza Guadeloupe tarehe 15 Novemba uligeuka haraka kuwa vizuizi vya magari yaliyochomwa, maduka yakaporwa, na Paris ikapeleka vikosi maalumu vya polisi.

Kwangu mimi, huwezi kuielewa hasira ile bila kuitaja klodekoni, dawa ya kuua fukusi wa migomba. Tangu 1972 vibarua waliinyunyiza kwa mikono, unga mtupu kwenye mashina, na ijapokuwa ilipigwa marufuku Ufaransa mwaka 1990, mashamba ya visiwa hivyo yaliruhusiwa kuendelea nayo hadi 1993. Leo imo ardhini, imo kwenye samaki, na vipimo vimeikuta katika damu ya zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima. Mama aliyeambiwa na serikali miaka yote kwamba shamba ni salama, akaja kusikia ukweli akiwa mzee, ataiaminije serikali ileile inapomletea sindano? Siungi mkono uporaji, na chanjo ile iliokoa maisha. Lakini kuwaita watu hao wajinga ni kuwaonea. Waliosimamishwa waliruhusiwa kurudi kazini Mei 2023.