Vitunguu majani vingoje chungu kiepuliwe

Swali la wiki limeuliza: ukiwa na nafasi ya mmea mmoja tu wa jikoni, utapanda nini? Mimi vitunguu majani, na nasema hivyo nikiwa Jambiani, kijiji cha pwani ya Unguja, ambako ardhi ni mawe na udongo mtu huuchota kwenye vishimo baina ya mawe.

Nakusudia vile vyembamba, vinavyoota kichaka bila kufanya kitunguu kikubwa chini. Vya majani ya mviringo, yaliyo wazi ndani kama mrija, hupenda baridi. Kipupwe vinastawi, kaskazi ikiingia vinanywea. Vya majani bapa, asili yake Asia, vina harufu ya thomu na joto vinalistahimili. Anayeanza pwani hii apande hivyo vya bapa.

Dumu la mafuta la lita 20 linatosha. Likate ubavu, litoboe chini maji yapite, jaza udongo wenye samadi iliyooza, uliweke panapopata jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Shida yetu hasa ni maji. Visima vingi vya pwani vina chumvichumvi, na jamii ya vitunguu haipatani na chumvi: ncha za majani hugeuka manjano, kisha hukauka. Ndiyo maana masika na vuli nakinga maji ya paa nikayaweka kwa ajili yake. Ya kisima yaende kwenye minazi, yenyewe haijali.

Ukikata, acha vidole viwili juu ya udongo, vitachipua tena. Maua nayo yanaliwa. Yapukutishe juu ya kachumbari. Kichaka kikisongamana, kila miaka miwili mitatu, king'oe ukigawe, na jirani apate mbegu.

Jikoni ndipo nisipokubaliana na wengi. Vitunguu majani hutiwa mafutani tangu mwanzo pamoja na vitunguu maji, na huo ni uharibifu. Harufu yake hutokana na kemikali za salfa zinazozaliwa jani linapokatwa, na moto huzipoteza upesi. Pweza wa nazi, mchuzi wa tungule, boga la nazi: epua kwanza, ndipo ukate, ndipo unyunyize. Viazi vya katlesi uvitie vikishapondwa na kupoa, pamoja na kotmiri na ndimu. Jaribuni pweza kwa namna hii jioni moja tu, mtanielewa.

Chapati za maji ndizo pekee ninazoziruhusu, kwa kuwa hazikai sana juu ya chuma. Unga, yai, chumvi, maji, na vitunguu majani vingi, vingi hasa, mpaka uji wenyewe uwe na rangi ya kijani. Hizo na chai ya mchaichai, futari imetimia.

Mwenye paka aliweke dumu juu asipofika, maana jamii yote ya vitunguu ni sumu kwake, na mabaki ya chakula kilichotiwa vitunguu asimpe.