Nyaya mbili kwa kila fezi, mabomba mawili

SWALI: Shikamoo fundi. Tunafunga umeme wa fezi tatu kwenye kiwanda kidogo cha kubangua korosho. Kila fezi ina nyaya mbili sambamba zinazogawana mzigo, na mabomba ni mawili, ya chuma. Mwenzangu anataka fezi nyekundu na njano zipite bomba moja, bluu na nyutro la pili. Ni sawa?
Fundi kijana, Masasi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si sawa, mzuie kabla hajavuta waya. Kila bomba libebe seti kamili: fezi tatu, nyutro (waya wa kurudisha umeme) na ethi (waya wa ardhini). Zikipita pamoja, nguvu ya sumaku ya waya mmoja inafutwa na ya wenzake. Mkizitenganisha, sumaku inabaki kwenye chuma na bomba lenyewe linapata moto, wala breka, swichi ya usalama, haitakatika. Juu ya hili kanuni za kufunga umeme, BS 7671 ya Uingereza na NEC ya Marekani, zinakubaliana.

Urefu nao msiudharau. Bomba moja likizunguka ghala na jingine likanyooka, waya mfupi utabeba mzigo mkubwa kuliko pacha wake, na ndio utakaoungua. Ziwe urefu mmoja, unene mmoja, madini yaleyale, lagi (vishikio vya ncha za waya) zilezile. NEC kwa kawaida hairuhusu nyaya sambamba nyembamba kuliko namba 1/0 ya vipimo vya Marekani, takriban milimita za mraba 53.

Ethi msiigawe nusu kwa nusu. Kila bomba lipate ya ukubwa kamili.

Mashine zikishawashwa, pimeni ampea za kila waya kwa klampu mita, kipimo kinachobana waya kwa nje. Zikipishana sana, msikabidhi kazi.